Ndama Aliyeogeshwa kwa Sabuni ya Jumapili

Kila siku ya kazi, saa moja kamili asubuhi, Mzee Damiani alivaa koti lake la reli, akafunga vifungo vyote sita vya shaba, akatoka na nyundo kwenda kugonga kipande cha reli kilichoning'inizwa mbele ya ofisi ya kijiji. Aligonga mara saba, wala hajawahi kukosea hesabu hiyo. Kisha alitazama saa yake ya mfukoni na kuguna kwa kuridhika, kana kwamba treni ya kutoka Dodoma imeingia stesheni bila kuchelewa hata dakika.

Treni yenyewe haikuwapo. Ilikuwa mbali, kule Itigi, ikipita porini na abiria wake. Hapa palikuwa na kaya mia na sitini za kijiji kipya, zilizohamia mwaka uliopita, mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka Ihanja. Palikuwa pia na shamba la pamoja la uwele, ambalo magugu yake yalikuwa yameielewa siasa ya umoja kuliko binadamu: yaliota yote kwa pamoja.

Kijiji kilimpa Damiani kazi ya kugonga reli kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa na saa inayotembea. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa stesheni ya Itigi akivuta zile nyenzo za kubadilishia njia za treni. Alichukuliwa pale akiwa yatima mdogo, akifagia uwanja, na akaondoka ana mvi. Aliwajua madereva kwa mlio wa honi zao, na uzito wa behewa la karanga aliukisia kwa kulisikiliza tu likipita. Ng'ombe aliwajua kwa namna moja: ni wanyama wanaolala relini.

Na hapo ndipo palipokuwa na taabu yake. Mnyaturu aliyefika miaka hamsini na minane bila kusema hata mara moja "ng'ombe wangu" ana jambo linalomkereketa kila anapokaa na wenzake. Si kwamba walimdharau. Walimpenda, walimcheka, walimwita Stesheni. Lakini kwenye mkutano wa kijiji, likija suala la malisho au la lambo, mwenyekiti alisema, "Tuwasikie wenye ng'ombe kwanza," na Damiani, ambaye mdomo ulikuwa umekwisha kufunguka, aliufunga tena. Siku moja aliufungua kwa ukaidi. Alishauri makundi yapangiwe ratiba ya kunywa maji lamboni, kundi moja baada ya jingine, kwa filimbi. Watu walicheka mpaka mkutano ukaahirishwa. Baadaye kijiji hicho hicho kilipanga zamu za lambo, lakini usitafute jina la Damiani kwenye kumbukumbu za kikao.

Mkewe, Yustina, alizaliwa Ihanja katika nyumba ambayo ng'ombe walilala ndani ya tembe pamoja na watu, na watu hawakuona ajabu. Ndiye aliyemwendea kaka yake, Philipo, akamwomba amkabidhi Damiani ng'ombe mmoja, kwa ile desturi ya kale ya mwenye nacho kumpa ndugu yake mnyama wa kutunza. Philipo alileta mtamba mwenye mimba ya kwanza, wa rangi nyeupe mwenye madoa meusi, aitwaye Madoa. Alikuwa mtu mkubwa wa maneno machache, na siku hiyo aliyatumia yote.

"Shemeji, huyu nakukabidhi. Akizaa, nitakuja Jumapili ya kwanza. Nikimkuta ndama amesimama na ananyonya, ndama huyo ni wako kabisa, na mama yake abaki hapa umkamue. Nikikuta vinginevyo, namrudisha ng'ombe wangu Ihanja, na wewe rudi kwenye filimbi yako."

Kuanzia siku hiyo Damiani hakulala vizuri. Alimjengea ndama chumba kwenye pembe ya tembe, akakitandika nyasi kavu. Aliandika ratiba ya kunyonyesha ukutani kwa mkaa. Langoni kwa zizi alifunga bendera nyekundu.

"Hiyo ya nini?" Yustina aliuliza.

"Mtu asipite ovyo."

"Na fisi anajua maana ya bendera?"

Damiani alifikiri kidogo. "Atajifunza," akasema.

Madoa alizaa Alhamisi, alfajiri, Yustina akiwa kisimani kwenye foleni ya maji. Damiani alikuwa peke yake zizini, saa mkononi. Miguu miwili ya mbele ilitangulia, kisha pua, kisha mwili wote ukateleza ukaanguka kwenye majani. Ndama jike! Mweupe, ana doa moja jeusi kama mtu aliyevaa kofia upande. "Ameingia saa kumi na mbili na dakika kumi," Damiani alisema kwa sauti, ingawa hapakuwa na wa kumjibu.

Madoa akageuka, akaanza kumlamba mtoto wake. Damiani alitazama akakunja pua. Ndama alikuwa amejaa ute mzito, na mama yake alikuwa anaula! Kwa miaka thelathini na mmoja Damiani hakuona kitu kichafu kikiingia stesheni kikaachwa hivyo. Behewa likifika na matope, lilioshwa. Akaingia zizini, akamnyanyua ndama kifuani, akaenda naye ndani.

Maji ya moto yalikuwa mekoni. Sabuni ya kufulia ilikuwa imekwisha, na dukani kwa ushirika haikuonekana tangu mwezi uliopita. Basi akafungua sanduku la mkewe. Humo, ndani ya kitambaa cheupe, mlikuwa na kipande cha sabuni ya waridi ambacho mtoto wao Antipasi alikituma kutoka Tabora, na ambacho Yustina alikitumia asubuhi za Jumapili tu, kabla ya kwenda kanisani, tena kwa kukigusa kama anayegusa jiko la moto.

Damiani hakukigusa hivyo. Alimsugua ndama kuanzia pua hadi mkia. Alimsugua kwato. Alimsugua nyuma ya masikio. Alimsuuza, akamfuta kwa gunia, akamfunika kwa koti lake la reli. Alipotoka tena akakuta Madoa ameshusha kondo la nyuma. Hilo nalo halikumpendeza, akalifukia nyuma ya choo. Mambo yote yakawa safi. Katika furaha yake alisahau kitu kimoja tu: ilikuwa saa moja na nusu, na reli haijagongwa.

Yustina alirudi na ndoo kichwani.

"Mama Antipasi! Njoo umwone! Jike, tena safi kuliko mimi!"

Yustina alishusha ndoo taratibu. Alivuta hewa puani mara moja, halafu mara ya pili.

"Baba Antipasi, kinachonukia humu ni nini?"

"Usafi."

"Nimeuliza kinachonukia."

"Sabuni kidogo."

"Sabuni gani?"

Damiani alianza kufunga vifungo vya koti, akakumbuka kwamba koti limevaliwa na ndama.

"Sabuni yangu ya Jumapili?"

"Nusu tu."

Ambalo Yustina angelisema baada ya hapo halikusemwa, kwa sababu fikra zake zilikwisha ruka kutoka kwenye sabuni hadi kwenye jambo kubwa zaidi. Alimshika ndama, akamvuta mpaka zizini, akamweka mbele ya mama yake. Madoa alinyoosha shingo, akanusa. Akapiga chafya. Akanusa tena, akarudi nyuma, kisha akashusha kichwa na kumsukuma ndama kwa paji la uso mpaka akaanguka chali na kwato zake zilizong'aa zikitazama mbinguni.

"Amemkataa," Yustina alisema, na hasira yote ikamtoka usoni. "Hajanyonya hata tone, na mama yake amemkataa."

Alikimbia kumwita Bibi Dorika.

Bibi Dorika alikuwa mjane wa nyumba ya tatu, mwenye meno matatu, yote ya kuchekea. Alizalisha ng'ombe kabla wengi wa viongozi wa kijiji hawajazaliwa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwomba ushauri kwa maandishi. Aliingia zizini akiegemea fimbo.

"Shikamoo, bibi," Damiani alisema.

"Marahaba, mwanangu. Nani anaolewa hapa?"

"Haolewi mtu, bibi."

"Mbona nanusa bibi harusi?"

Yustina akamweleza. Bibi Dorika alisikiliza, kisha akamtazama Damiani kwa huruma, kama anayemtazama mtu aliyepanda treni ya kwenda kusikokuwa kwake.

"Ulipomwona mama yake anamlamba, ulidhani ana njaa?"

"Niliona si usafi, bibi."

"Alikuwa anamsoma. Mtoto kazaliwa na barua ya mama yake mwilini, wewe ukaifua." Akaingiza kidole kinywani mwa ndama. "Bado ana joto. Lakini anahitaji yale maziwa ya kwanza, yale mazito ya njano, na anayahitaji leo. Jua likifika juu ya ule mti wa mgunga hajanyonya, hatutahitaji kibuyu hapa, tutahitaji jembe."

Damiani alitazama mgunga. Jua lilikuwa linaupandia upesi, wala halikuwa na kituo cha kusimama njiani.

"Tumkamue tumnyweshe," akasema.

Bibi Dorika alishika chuchu, akavuta. Hakikutoka kitu, ila teke lililopita karibu na sikio lake. "Amekaza. Hatoi maziwa kwa mtoto asiyemjua. Kondo la nyuma liko wapi?"

"Nimelifukia."

"Wapi?"

"Nyuma ya choo. Futi mbili."

"Kwa nini futi mbili?"

"Ndiyo kanuni."

Yustina aligeukia ukuta, mabega yakamtikisika. Damiani hakujua kama analia au anacheka, na hakuthubutu kuuliza. Alichukua jembe akaenda kufukua.

Alikuwa amefika futi moja na nusu alipotokea Leonidas, katibu wa kijiji. Leonidas alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita aliyetoka mafunzoni na kalamu mbili mfukoni, na suti ya kaunda iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe. Aliwapenda wananchi kwa moyo wake wote, hasa wakiwa wengi na wamekaa kimya.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Katibu."

"Mzee, ni saa mbili na robo. Reli haijalia! Watu wako majumbani wanasubiri. Wengine wanasema leo ni sikukuu. Nimehutubia kujitegemea mara tatu mwezi huu, na bila mzee mmoja mwenye nyundo hakuna anayejua njia ya shambani!"

Bibi Dorika alimsikia kutoka zizini. "Katibu! Umekuja wakati mzuri. Vua hilo shati."

"Bibi, shikamoo. Nimekuja kwa kazi ya kijiji."

"Marahaba. Si wewe uliyetuambia mkutanoni kwamba hatimaye mifugo yote itakuwa ya kijiji?"

"Ni kweli, bibi. Hatimaye, kwa hatua..."

"Basi kijiji kishike mguu wa nyuma."

Ukitazama vizuri, ni swali zito alilopewa Leonidas asubuhi ile, na hakuna kitabu alichosoma mafunzoni kilicholijibu. Kisha, na hili liandikwe kwa sifa yake, akavua shati, akalitundika juu ya bendera nyekundu, akaingia.

Magazeti yetu hupenda picha ya watu mia wakilima kwa mstari mmoja, kiongozi akiwa mbele na jembe jipya ambalo halijagusa udongo. Hakuna aliyepiga picha zizini kwa Damiani. Yustina alimwaga maji aliyoyapangia foleni tangu usiku haujaisha, ndoo nzima, kumwondoa ndama ile harufu ya waridi. Bibi Dorika alifungua pindo la kanga yake akatoa bonge la chumvi ya mbugani, ambayo aliitunza kwa mboga ya juma zima, akaiponda yote ya kumnyunyizia ndama. Katibu alikumbatia mguu wa ng'ombe asiyemjua. Damiani alimpaka ndama kwa mikono yake mwenyewe kile alichokifukia kwa kanuni, pumzi ameizuia, macho yakimtoka machozi. Hakuna aliyeuliza ndama ni wa nani. Kama ujamaa ni kitu kingine tofauti na hicho, basi aje mtu atufundishe upya.

Wakamrudisha ndama mbele. Madoa akanusa, akasita. Ulimi ukatoka, ukagusa chumvi mgongoni. Ukarudi, ukagusa tena, ukashuka shingoni, ukapanda masikioni. Alilamba mara kumi, mara ishirini, na katikati ya kulamba akatoa mlio mdogo wa kooni ambao Yustina alikuwa anaungojea.

"Ameanza kumsoma," Bibi Dorika alinong'ona. "Mpelekeni kwenye chuchu."

Ndama alipogusa kiwele, teke likatoka. Halikumpata ndama. Lilimpata Leonidas, akaketi chini, mahali ambapo suruali iliyopigwa pasi haikupaswa kuketi.

"Damu ya mtoto ameikubali, lakini maziwa hajayafungua," Bibi Dorika alisema. "Anataka kuimbiwa. Wimbo wake ni upi?"

"Nyumbani tunawaimbia kwa ukoo," Yustina alisema. "Jina la mama yake, la mama wa mama yake, mpaka mwisho. Lakini ukoo wa huyu anaujua kaka Philipo, na Philipo yuko Ihanja." Alijaribu hata hivyo, kwa majina aliyoyakumbuka ya utoto wake. Madoa akainua mguu.

"Acha, mwanangu. Sauti yako bado ina sabuni ndani yake. Baba Antipasi, ng'ombe amekabidhiwa wewe. Imba wewe."

"Sijui wimbo, bibi. Nilikulia stesheni."

"Basi mtajie watu wako."

Damiani alichuchumaa karibu na kichwa cha Madoa. Watu wake? Mama yake hakumjua kwa sura. Baba yake alimjua kwa jina tu, nalo lilikosewa kwenye karatasi za kazi. Mgunga ulikuwa umebakiza kama mkono mmoja wa anga kati yake na jua. Ndama alipiga magoti ya mbele, akayumba. Na Damiani, kwa kukosa lolote jingine la kusema, akaanza kutaja yale ambayo kijana mfagiaji aliyakariri miaka mingi iliyopita kwa kumsikiliza gadi wa treni akiwaamsha abiria, maneno ambayo wakati ule yalikuwa nyumbani kwake na ndugu zake.

"Dodoma," akasema taratibu. "Kigwe. Bahi."

Sikio moja la Madoa likageuka.

"Kintinku. Makutupora. Saranda."

Sikio la pili.

"Manyoni. Aghondi. Itigi..." Hapo alikaa kidogo, kama treni inayoongeza maji. "Kitaraka. Kazikazi. Tura. Malongwe. Nyahua."

Yustina alimshika Bibi Dorika mkono. Tone zito la njano lilikuwa limening'inia kwenye chuchu ya nyuma. Lilianguka. Likafuata jingine. Bibi Dorika alisukuma kichwa cha ndama mahali pake.

"Goweko," Damiani alisema. "Igalula."

Ndama alinyonya. Kwanza kwa kubahatisha, kisha kwa pupa, akipiga kiwele kwa pua, na mkia wake ukaanza kuzunguka. Damiani alifika Tabora. Alipoona ndama bado ana kiu, akageuza treni, akarudi nayo Dodoma stesheni kwa stesheni.

Reli ililia saa nne kasoro robo, mara saba. Leonidas aliandika kwenye taarifa yake kwamba kazi ya pamoja ilichelewa "kwa sababu ya uzazi wa mifugo," na inasemekana siku hiyo alipalilia mistari miwili mizima bila kuhutubia.

Siku tatu zilizofuata Damiani alikuwa mwanafunzi. Alimwuliza Bibi Dorika kila kitu. Mbona mavi yake ni ya njano? Ndiyo maziwa ya kwanza yanapita, mwanangu. Mbona anatetemeka? Kwa sababu unamfunua kila saa kumtazama. Ndama alilala ndani kwenye pembe yake, juu ya nyasi kavu, amefunikwa koti la vifungo sita. Koti lilipata ute, likapata maziwa, likapata na mengine. Yustina akasema alifue, Damiani akakataa. "Litapoteza harufu yake," akasema, na mkewe akatoka nje ili acheke vizuri.

Jambo moja lilimsumbua: Jumapili. Aliwaomba wote waliokuwapo wasiitaje sabuni mbele ya shemeji. Leonidas aliahidi kwa kiapo. Bibi Dorika aliapa kwa meno yake yote matatu.

Philipo alifika Jumapili mchana, kofia kichwani, fimbo mkononi. Alisalimiana na dada yake, akanywa maji, akaenda zizini bila kuketi. Majirani kadhaa walikuwa wamekumbuka ghafla kazi zao karibu na uzio.

Ndama alikuwa amesimama. Philipo alimzunguka mara moja, akamkagua kitovu, akamfungua kinywa. Kisha aliinama akamnyanyua sikio, akakaa hapo kwa muda.

"Shemeji."

"Naam, shemeji."

"Ndama huyu ananukia waridi nyuma ya sikio."

Majirani walitazama mawingu.

"Mvua ilinyesha," Damiani alisema.

"Mvua ya waridi?"

"Mwaka huu mvua ni nyingi, shemeji."

Philipo hakucheka. "Nimeona anasimama. Sasa nione ananyonya." Akamsukuma ndama kwa mama yake, na yeye mwenyewe akaanza kuimba, kwa sauti nzito nzuri, ukoo wote wa Madoa mpaka bibi wa bibi yake aliyetoka upande wa Kiomboi. Ulikuwa wimbo hasa. Madoa alimsikiliza mwenye wimbo wake kwa adabu, na hakutoa hata tone. Ndama alivuta, akaacha, akavuta tena, akalia. Madoa alikuja kwa Damiani hajawahi kukamuliwa. Maziwa yake ya kwanza yalishuka kwa majina mengine.

"Hanyonyi," Philipo alisema polepole, na mkono wake ukaelekea kwenye kamba ya ng'ombe.

Damiani aliwatazama majirani. Aliwajua: kesho hadithi ingefika lamboni, keshokutwa Ihanja, na jina la Stesheni lingemfuata kaburini. Alimtazama ndama. Kisha akachuchumaa.

"Dodoma," akasema. "Kigwe. Bahi."

Philipo akaacha kuimba.

"Kintinku. Makutupora. Saranda."

Povu jeupe likatokea mdomoni mwa ndama. Mkia ukaanza kuzunguka. Philipo alisikiliza hadi mwisho, ameinamisha kichwa kama mtu aliye kanisani.

"Huyo Aghondi ni mama wa nani?"

"Ni stesheni, shemeji."

"Na Kazikazi?"

"Stesheni."

Uso wa Philipo ulianza kuvunjika kutoka kwenye macho. Alicheka mpaka kofia ikaanguka, mpaka akakalia mtungi uliogeuzwa juu chini. Damiani aliposikia kicheko hicho akaona hakuna tena la kuficha.

"Shemeji, nilimwogesha. Kwa sabuni ya dada yako. Alimkataa, karibu afe. Bibi Dorika ndiye aliyemwokoa."

"Najua. Nimejua tangu Ijumaa. Habari ya ndama wa waridi imefika Ihanja kabla hujaamka. Nimekuja kuona kama utanidanganya."

Damiani alimgeukia Bibi Dorika. Bibi Dorika alikuwa anahesabu meno yake kwa ulimi.

"Na ile mvua?" Damiani aliuliza kwa unyonge.

"Ile mvua nimekusamehe, kwa ajili ya Kazikazi." Philipo aliokota kofia, akaipukuta. "Ndama ni wako. Na huyu mama yake siwezi kumrudisha hata nikitaka. Kwangu nani atamwitia treni?"

Ndama aliitwa Itigi. Hadi leo Madoa hatoi maziwa kwa wimbo mwingine, na Yustina amelazimika kujifunza njia nzima. Asubuhi nyingi utamsikia akikamua na kutaja, kwa sauti ya mtu anayelipia sabuni aliyoitumia mwenzake, na utamsikia mumewe akiita kutoka ndani, "Umeruka Tura!"

Mwezi uliofuata kulikuwa na mkutano kuhusu lambo. Mwenyekiti alisema, kama kawaida, "Tuwasikie wenye ng'ombe kwanza." Damiani alisimama. Koti lilikuwa na harufu ambayo iliwafanya waliokuwa jirani yake wasogee kidogo. Alikohoa, akaangalia saa, akaangalia watu.

"Ng'ombe wangu," akasema.

Kisha akanyamaza. Mkutano ulisubiri. Leonidas alishika kalamu tayari kuandika. Damiani alisimama pale na maneno yake mawili, akayatafuna kama mtu aliyeonja kitu alichokisikia kwa wengine maisha yake yote. Halafu akaketi.

Njiani kurudi nyumbani Yustina alimwuliza, "Sasa ulisimama useme nini?"

"Nimekwisha sema."

"Na ile ratiba ya lambo uliyoiandika juma zima?"

Damiani alisimama katikati ya njia. Aliingiza mkono mfukoni, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaitazama.

"Ah," akasema. "Mwezi ujao." Akairudisha, akaongeza mwendo, maana kwa saa yake Itigi alikuwa amechelewa kunyonya kwa dakika tatu.